Mwalimu Septima na barua zake 726

Leo naomba tuanze na hesabu. Mwaka 1956, katika mji wa Charleston, jimbo la South Carolina kule Marekani, mwalimu mmoja mwanamke alitia sahihi barua 726. Kila barua ilikwenda kwa mwalimu mweusi mwenzake. Majibu aliyopata yalikuwa 26. Waliokubali kufuatana naye kwenda kumwona mkuu wa elimu walikuwa 11. Siku ya safari ilipofika, waliokwenda walikuwa watano.

Mwalimu huyo aliitwa Septima Poinsette Clark. Alikuwa na umri wa miaka 58 na alikuwa amefundisha kwa miaka 40. Muda mfupi baadaye alikuwa hana kazi na hana pensheni.

Habari za kuondolewa kwa ubaguzi mashuleni kule Marekani tumezisikia mara nyingi. Tumeona picha za watoto weusi wakipita katikati ya umati unaozomea, na askari wenye bunduki wakiwalinda. Tumewasikia mawakili na majaji. Lakini mwalimu yuko wapi katika picha hizo? Yule aliyekuwa akiwafundisha watoto hao jana yake, katika shule yenye paa bovu na vitabu vilivyochanika, yeye alikwenda wapi? Hilo ndilo ninalotaka tuzungumze leo, na maisha ya Mwalimu Septima yanatuonyesha njia.

Alizaliwa Charleston tarehe 3 Mei 1898. Baba yake, Peter Poinsette, alizaliwa mtumwa katika shamba la bwana mmoja aliyeitwa Joel Poinsett. Bwana huyo aliwahi kuwa mwakilishi wa Marekani nchini Mexico, na kutoka huko alileta nyumbani kwake ule mmea ambao majani yake ya juu huwa mekundu wakati wa Krismasi, ambao leo umejaa katika bustani za Arusha, Moshi na Nairobi. Kwa Kiingereza mmea huo huitwa kwa jina lake. Basi jina hilo hilo la mwenye shamba ndilo alilobaki nalo mtumwa wake, na binti wa mtumwa akalipeleka darasani.

Mama yake alikuwa akifua nguo za watu kwa malipo. Fedha hizo, pamoja na kibarua alichofanya Septima mwenyewe, zilimwezesha kusoma katika shule ya Avery, iliyokuwa ikitoa walimu weusi. Alimaliza mwaka 1916. Lakini alipomaliza alikuta mlango umefungwa. Katika shule za serikali za mji wa Charleston mwalimu mweusi hakuruhusiwa kufundisha, hata zile za watoto weusi. Watoto weusi wa mjini walifundishwa na walimu weupe. Mweusi aliyetaka kazi ya ualimu sharti aende vijijini.

Naye akaenda. Alipanda mashua hadi Johns Island, kisiwa cha wakulima wa pamba ambacho wakati huo hakikuwa na daraja. Shule yake iliitwa Promise Land, yaani Nchi ya Ahadi. Jina zuri, lakini ahadi yenyewe haikuonekana. Walimu walikuwa wawili na watoto 132. Septima, akiwa ndiye mkuu wa shule, alilipwa dola 35 kwa mwezi, na mwenzake dola 25. Ng'ambo ya barabara palikuwa na shule ya weupe yenye wanafunzi watatu. Naam, watatu. Mwalimu wao alilipwa dola 85. Septima hakuwa na vitabu vya kutosha, kwa hiyo aliandika masomo kwenye mifuko ya karatasi akaitundika ukutani. Watoto wakubwa walikuja baada ya mavuno ya pamba na kuondoka mapema kwenda kupanda. Usiku walikuja wazee, wengine wakitaka tu kujifunza kusoma hotuba fupi ili wasiaibike katika mikutano ya vyama vyao vya kusaidiana. Tafadhali ukumbuke habari hiyo ya wazee, maana tutairudia.

Mwaka 1919 alirudi mjini kufundisha Avery, akajiunga na NAACP, chama kilichokuwa kikipigania haki za weusi mahakamani na kwingineko. Chama kilikuwa kinadai walimu weusi waajiriwe katika shule za mji. Wapinzani walisema hayo ni matakwa ya weusi wachache wenye nafasi, na kwamba wapishi na mafundi wa kufua nguo hawana haja nayo. Usemi huo ulikuwa kosa kubwa mbele ya binti wa mfua nguo. Septima aliwachukua wanafunzi wake wakapita nyumba hadi nyumba, na wapishi na wafuaji hao hao wakatia sahihi kwa maelfu. Mwaka 1920 marufuku iliondolewa.

Miaka iliyofuata niipite haraka. Aliolewa na baharia, Nerie Clark, aliyefariki mwaka 1925 kwa ugonjwa wa figo. Mtoto wao wa kwanza alikufa akiwa mchanga. Wa pili, wa kiume, alilelewa kwa babu na bibi yake upande wa baba, kwa sababu mshahara wa mwalimu mweusi haukutosha kumtunza mtoto na kulipa chumba. Wanaotukuza wito wa ualimu wakumbuke na hilo. Septima alihamia Columbia, makao makuu ya jimbo, akafundisha huko miaka 18. Wakati wa likizo alisoma, hadi akapata shahada ya kwanza mwaka 1942 na ya pili mwaka 1946. Huko Columbia pia alisaidia katika kesi ya kudai mishahara sawa kwa walimu weusi na weupe. Wakili upande wa walimu alikuwa Thurgood Marshall, na mwaka 1945 walishinda. Jimbo nalo likageuza mchezo. Likaamua kwamba kuanzia hapo mshahara utafuata alama za mtihani maalumu wa walimu, wakitumaini kwamba mtihani utafanya kazi iliyokuwa ikifanywa na rangi. Septima alikaa akaufanya mtihani huo, na mshahara wake ukapanda.

Jaji aliyetoa hukumu hiyo, J. Waties Waring, alikuwa mtu mweupe wa ukoo wa zamani wa Charleston. Septima aliporudi Charleston mwaka 1947 walifahamiana, akawa anakaribishwa kwa jaji kunywa chai. Siku hizi chai ni chai tu. Wakati ule mwanamke mweusi kupita mlango wa mbele wa nyumba ya jaji mweupe ilikuwa ni habari ya mji mzima, na hata walimu wenzake weusi walimwonya asiwaletee balaa.

Na balaa lilikuwa njiani, ingawa si kwa sababu ya chai. Katika wilaya ya Clarendon, ndani ya jimbo hilo hilo, wazazi weusi walianza mwaka 1947 kuomba kitu kidogo sana: basi la shule. Watoto weupe walikuwa na mabasi 30, watoto weusi hawakuwa na hata moja. Ombi la basi likakua likawa kesi, na kesi ikakua ikawa dai la kuondoa shule za kibaguzi kabisa. Harry Briggs, ambaye kesi ilibeba jina lake, alifukuzwa kazi kwenye kituo cha petroli. Mchungaji Joseph DeLaine, aliyewaongoza wazazi, nyumba yake iliteketezwa kwa moto. Majaji watatu waliisikiliza mwaka 1951. Wawili waliwakatalia wazazi. Wa tatu, Waring, aliandika kwamba kutenganisha kwenyewe ndiko kutokuwa sawa. Kesi hiyo ikaunganishwa na nyingine nne, na tarehe 17 Mei 1954 Mahakama ya Juu ya Marekani ikatamka kwamba shule za serikali zilizotengwa kwa rangi ni kinyume cha katiba.

Wengi wetu tunaishia hapo tunapoisimulia historia hii. Hukumu imetoka, haki imeshinda, tupige makofi. Kwa mwalimu mweusi wa Kusini, hukumu ile ndiyo iliyofungua ukurasa wa hatari.

Fikiri kidogo. Serikali za majimbo ya Kusini hazikuweza kuifukuza Mahakama ya Juu, wala hazikuweza kumfukuza wakili wa New York. Ni nani basi aliyekuwa karibu, na tena anakula kwa mkono wa serikali? Mwalimu. Mwaka 1956 bunge la South Carolina lilipitisha sheria iliyomkataza mtumishi yeyote wa jimbo au wa mji kuwa mwanachama wa NAACP. Walimu wakaletewa fomu waandike ni wanachama wa vyama gani.

Fomu ni karatasi tu. Kuna waliokana, na sina ubavu wa kuwacheka. Mwalimu ana watoto, ana deni la nyumba, ana mama mgonjwa kijijini. Lakini katika mji mdogo wa Elloree, walimu 21 wa shule moja walikataa kutii masharti ya fomu ile, wakapoteza kazi zao. Na Septima Clark akaandika wazi kwamba yeye ni mwanachama.

Ndipo alipotia sahihi zile barua 726. Alitaka walimu wote wasimame pamoja waiambie serikali kwamba sheria ile ni ya dhuluma. Aliamini kwamba wakiwa wengi hawatafukuzwa. Tumeshaona kilichotokea. Mkataba wake haukuongezwa, na haki yake ya pensheni ya miaka 40 ikafutwa pamoja nao. Chama cha wanawake wasomi ambacho alikuwa mwanachama wake kilimfanyia hafla ya kumchangia. Walimchangia, ndiyo, lakini wengi waliogopa kupiga picha naye, picha isije ikaonekana na wakubwa.

Miaka mingi baadaye Septima alizitaja barua zile kuwa moja ya mambo aliyoshindwa katika maisha yake. Wala hakuwalaumu walimu waliokaa kimya. Alijilaumu yeye, kwamba alijaribu kuwasukuma watu katika jambo ambalo hawakuwa tayari kwalo. Kitabu cha kumbukumbu zake kilichotoka mwaka 1986 kina jina lenye maana ya kuwa tayari kutoka ndani. Kwa maoni yangu kushindwa huko kulimfundisha zaidi kuliko shahada zake mbili, na yaliyofuata yanathibitisha.

Lakini kwanza tumalizie habari za walimu wenzake, maana kukaa kimya hakukuwaokoa. Serikali zilipolazimika hatimaye kuchanganya shule, jambo ambalo Charleston ililianza Septemba 1963 kwa watoto weusi 11, mara nyingi shule iliyofungwa ilikuwa ya weusi. Watoto walihamishiwa shule ya weupe. Mkuu wa shule mweusi hakuhamishwa kuwa mkuu huko. Akibahatika alifanywa msaidizi au mwangalizi wa nidhamu. Mwalimu wake aliambiwa nafasi hazipo. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba kati ya mwaka 1954 na 1965 walimu na wakuu wa shule weusi wapatao 38,000 walipoteza kazi katika majimbo 17.

Sisi wa Afrika Mashariki tunaweza kulielewa jambo hili kwa kulilinganisha na letu. Wazee wetu walisoma katika mfumo wa shule za Wazungu, shule za Wahindi na shule za Waafrika, kila kundi na fungu lake la fedha. Tanganyika iliufuta mfumo huo kuanzia mwaka 1962. Lakini hapa uliondolewa na serikali ya wananchi wenyewe, serikali iliyomhitaji kila mwalimu Mwafrika iliyeweza kumpata. Kule Kusini mwa Marekani, waliopewa kazi ya kuuondoa ubaguzi ni wale wale waliokuwa wakiulinda, na wakauondoa kwa namna ambayo gharama yake ilimwangukia mweusi.

Haya, turudi kwa Septima. Katika milima ya Tennessee, mahali paitwapo Monteagle, palikuwa na shule ya watu wazima, Highlander, iliyoongozwa na Myles Horton, mtu mweupe ambaye weusi na weupe walikula naye meza moja wakati sheria ikikataza. Septima alikuwa ameanza kwenda huko tangu 1954. Kiangazi cha mwaka 1955 aliendesha huko mafunzo kuhusu namna ya kuitekeleza ile hukumu ya shule. Miongoni mwa waliohudhuria alikuwa mwanamke mpole, fundi cherehani kutoka Montgomery, ambaye alizungumza kidogo sana. Jina lake Rosa Parks. Miezi michache baadaye, tarehe 1 Desemba, mama huyo alikataa kumpisha abiria mweupe kiti ndani ya basi, na mengine mnayajua. Septima alipofukuzwa kazi, Horton alimwajiri awe msimamizi wa mafunzo.

Na hapa ndipo wanaporudi wale wazee wa Johns Island. Kisiwani humo kulikuwa na mtu aliyeitwa Esau Jenkins, mwenye basi la kuwapeleka wafanyakazi mjini. Katika South Carolina mtu alipotaka kujiandikisha kupiga kura, alitakiwa asome kifungu cha katiba ya jimbo mbele ya karani. Abiria wake wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo Jenkins akawa anawafundisha katiba humo humo ndani ya basi, safari za kwenda na kurudi. Aliomba msaada, na Highlander ikamkopesha fedha za kununua jengo. Mbele wakafungua duka la ushirika. Nyuma ya duka, mahali ambapo mpita njia mweupe asingeona, wakaweka darasa.

Nani afundishe? Walimu wenye vyeti walikuwapo, lakini Septima hakuwataka, na sababu tunazijua. Mwalimu wa serikali angefukuzwa kesho yake. Tena alihofia kwamba msomi angewadharau wakulima. Akamchagua ndugu yake, Bernice Robinson, msusi wa nywele. Wateja wa msusi mweusi ni weusi wenzake. Hakuna mkuu wa elimu awezaye kumnyang'anya kitana.

Darasa lilifunguliwa tarehe 7 Januari 1957 na wanafunzi 14. Bernice alikuja na vifaa vya watoto wa darasa la kwanza, akaona mara moja kwamba vinawaaibisha watu wazima. Akaviweka kando akawauliza wanataka nini. Walitaka kuandika majina yao, kusoma Biblia, kujaza fomu ya kuagizia bidhaa na hawala ya posta, na kusoma kile kifungu cha katiba. Hayo ndiyo yakawa masomo. Septima amesimulia jinsi penseli zilivyokuwa zikikatika darasani, kwa sababu mikono iliyozoea kushika mpini wa jembe la kukokotwa hukandamiza mno. Waliowahi kufundisha ngumbaro hapa kwetu miaka ya sabini watatabasamu. Wanaijua sauti hiyo ya penseli.

Yale ambayo barua 726 hazikufanya, chumba kile cha nyuma kilianza kuyafanya polepole. Watu walijiandikisha kupiga kura. Visiwa vya jirani vikaomba madarasa. Mwaka 1959 polisi wa Tennessee waliivamia Highlander usiku, wakamkamata Septima kwa tuhuma ya kuwa na pombe, yeye asiyekunywa. Mashtaka hayakusimama, lakini mwaka 1961 jimbo liliifunga shule hiyo. Kazi ya madarasa ikahamia kwenye chama cha Martin Luther King, na Septima akaenda nayo, wakishirikiana na Dorothy Cotton na Andrew Young. Kituo cha kuandaa walimu kilikuwa Dorchester, katika Georgia. Walioletwa hawakuwa na vyeti: wakulima, wapishi, wasusi, madereva. Fannie Lou Hamer, mama wa mashamba ya pamba ya Mississippi, alipitia mafunzo hayo. Ni wakati akirudi kutoka mafunzo mjini Charleston, Juni 1963, alipokamatwa mjini Winona na kupigwa vibaya jela. Hadi mwaka 1970 madarasa ya namna ile yalikuwa yamefikia karibu 900.

Nisiseme kwamba ndani ya chama mambo yalikuwa asali. Septima alilalamika waziwazi kwamba wanaume waliokuwa wakiongoza hawakuthamini mawazo ya wanawake. Mchungaji Ralph Abernathy alikuwa akiuliza kwa nini mama huyu yumo katika kamati kuu. King alimtetea, na mwaka 1964 alikuwa miongoni mwa aliofuatana nao kwenda Oslo kupokea Nishani ya Nobel ya Amani. Lakini hata King, kwa maneno ya Septima, hakuwa amezoea kuwaza kwamba mwanamke anaweza kuongoza.

Alistaafu mwaka 1970, bado hana pensheni ya ualimu. Katikati ya miaka ya sabini, akiwa amepita umri wa miaka 75, alisimama katika uchaguzi wa bodi ya shule ya wilaya ya Charleston, akashinda. Yule aliyetolewa darasani sasa alikaa katika meza inayoamua walimu waajiriwe vipi na fedha zigawanywe vipi. Mwaka 1976 gavana wa South Carolina alikiri kwamba Septima Clark alifukuzwa isivyo haki, na pensheni yake ikarudishwa. Ilikuwa imepita miaka 20.

Alifariki tarehe 15 Desemba 1987, akiwa na umri wa miaka 89, huko Johns Island, kisiwa kile kile alichokifikia kwa mashua mwaka 1916.